John Kemp Starley: Mtu aliyeuinamisha uma wa baiskeli

Msomaji akipita karibu na kibanda cha fundi wa baiskeli, iwe ni Mombasa, Malindi au Lamu, huenda akamkuta fundi amekaa juu ya kibao, amepakata fremu tupu isiyo na gurudumu wala kiti. Kando yake pana uma wa mbele umelazwa juu ya gunia, kopo la grisi, na kisahani kilichojaa gololi ndogo za chuma. Fundi hupaka grisi kikombe cha chini, akazipanga gololi moja baada ya nyingine, kisha akaipenyeza shingo ya uma kutoka chini, ikapita ndani ya kichwa cha fremu na kutokeza juu. Huko juu nako hupanga gololi nyingine, akakaza koni kwa mkono, akauzungusha uma kulia na kushoto, akakaza tena kidogo, na mwisho akaifunga nati.

Ukiitazama kazi hiyo utadhani ni ndogo. Lakini fundi mwenyewe anajua kwamba hapo ndipo penye roho ya mwendeshaji. Koni ikikazwa mno, uma hushikana na baiskeli haiwezi kujirekebisha njiani; mwendeshaji huyumba kama mtu aliyelewa. Ikilegezwa, uma hugonga katika kila shimo, na baada ya siku chache vikombe vyote huwa vimeliwa. Na ole wake fundi mwanafunzi atakayeugeuza uma ukatazama nyuma! Baiskeli itakuwa nzito mkononi, na ncha ya kiatu itasugua gurudumu kila mtu anapokata kona.

Sasa tuulize swali ambalo wengi hatujawahi kujiuliza. Kwa nini shingo ya uma hailingani na mlingoti, wima moja kwa moja, bali imeinama kuelekea nyuma kwa mwendeshaji? Na kwa nini usukani umefungwa juu ya shingo hiyo hiyo, badala ya kuwekwa mahali pengine? Mambo hayo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Yalipatikana katika karakana moja ya mji wa Coventry, nchini Uingereza, mwaka wa 1885, sawa na mwaka wa 1302 wa Hijria, wakati pwani yetu ikiwa chini ya Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar. Aliyeyafanya ni John Kemp Starley. Jina lake wengi hawalijui, lakini jina alilolipa chombo chake wanalijua hata watoto, kwa maana ndilo lililomo katika gari la Land Rover. Leo tutatazama maisha ya bwana huyo.

MTOTO WA MTUNZA BUSTANI

John Kemp Starley alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1855 huko Walthamstow, pembeni mwa jiji la London. Baba yake alikuwa mtunza bustani, mtu wa kipato cha kadiri, na mtoto hakuzaliwa katika nyumba ya mali wala ya elimu kubwa. Alichokuwa nacho ni ami yake.

Ami huyo aliitwa James Starley, naye alikuwa amezaliwa mwaka 1830 katika kijiji cha Albourne, jimbo la Sussex. James pia alianza kama mtu wa bustani, lakini mikono yake ilipenda vyuma kuliko maua. Alijifunza mwenyewe kutengeneza saa na vyombo vidogo vidogo, na alipokutana na cherehani mbovu hakulala mpaka ajue ina nini ndani yake. Kwa ustadi huo alichukuliwa na wafanyabiashara wa cherehani, na mwanzoni mwa miaka ya 1860 akahamia Coventry.

Mji huo wakati ule ulikuwa katika dhiki. Kwa miaka mingi watu wake waliishi kwa kufuma utepe wa hariri na kutengeneza saa. Mwaka 1860 serikali ya Uingereza ilifanya mkataba wa biashara na Ufaransa, na utepe wa Kifaransa ukaingia bila ushuru. Wafumaji wa Coventry wakafilisika kwa maelfu, na wengi wakahama nchi. Ilibaki mikono hodari isiyo na kazi, nayo ikawa tayari kupokea ufundi wowote utakaokuja.

Ufundi uliokuja kwanza ulikuwa wa cherehani. Kisha mwaka 1868 kijana mmoja wa kampuni ile, Rowley Turner, alirudi kutoka Paris na chombo cha ajabu: magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa chuma, na pedeli zimefungwa katika gurudumu la mbele. James Starley alikitazama, akakiinua, na akaona kwamba angeweza kutengeneza kilicho bora zaidi. Mwaka 1869 kampuni ya cherehani ikabadili jina na kazi, ikaanza kuunda baiskeli. Mwaka 1870 James na mwenzake William Hillman walipewa hataza ya baiskeli nyepesi ya chuma waliyoiita Ariel.

John Kemp Starley alifika Coventry mwaka 1872, kijana wa miaka 16 hivi, akaingia katika karakana ya ami yake. Hapo ndipo alipopata chuo chake. Alishika tupa, alikaza spoki, alijifunza kuunga mabomba ya chuma kwa shaba iliyoyeyushwa. Alimwona mzee James akibuni mambo ambayo mpaka leo yamo mikononi mwetu. Mojawapo ni spoki zilizopishana kwa mshazari, za mwaka 1874, ambazo ndizo tunazoziona katika kila gurudumu la baiskeli. Jingine ni mpango wa meno, wa mwaka 1877, unaowezesha magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti chombo kinapokata kona. Mafundi wa magari hapa kwetu huuita difu.

GURUDUMU REFU

Hata hivyo baiskeli iliyomletea ami sifa kubwa ilikuwa na kasoro kubwa pia. Kwa kuwa pedeli zilifungwa katika gurudumu la mbele, mzunguko mmoja wa mguu ulikuwa ni mzunguko mmoja wa gurudumu. Aliyetaka kwenda mbio ilimbidi awe na gurudumu kubwa. Basi gurudumu la mbele likakuzwa mwaka hadi mwaka, likafika inchi 50, na kwa watu warefu wa miguu hata inchi 60, huku la nyuma likidogoshwa mpaka likawa kama sahani. Mwendeshaji alikaa juu, karibu kabisa na wima wa ekseli ya mbele, akiona juu ya nyua za watu.

Ulikuwa ni usafiri wa vijana wenye nguvu, wenye fedha na wasioogopa kufa. Jiwe moja, shimo moja, au mbwa akikatiza njia, gurudumu la mbele lilisimama ghafula na kiwiliwili kizima kikapinduka. Miguu ilinaswa chini ya usukani, na mtu akaanguka kichwa mbele kutoka kimo cha mtu aliyesimama. Wengi walivunjika mikono na mataya, na wengine walikufa. Wazee hawakuweza kuipanda. Wanawake hawakuweza kuipanda kwa nguo zao za heshima. Mfanyakazi mwenye watoto hakuthubutu.

Watu wa makamo na mabibi walitengenezewa baiskeli za magurudumu matatu. Za James Starley zilifika hata kwa Malkia Victoria, ambaye mwaka 1881 aliagiza mbili. Lakini hizo zilikuwa nzito, ghali na zenye kuhitaji nafasi kubwa ya kuziweka. Hazikuwa chombo cha maskini.

Mwaka huo huo wa 1881, James Starley alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 51. Watu wa Coventry walimhesabu kuwa ndiye aliyeunusuru mji wao. Wakachanga fedha, na mwaka 1884 likasimamishwa jiwe la ukumbusho wake. Na hapa, ndugu msomaji, pana jambo la kuzingatia. Wakati mji unaisimika sifa ya ami katika jiwe, mpwa wake alikuwa ndani ya karakana anaunda chombo ambacho kingeliondoa gurudumu refu duniani.

ROVER YA KWANZA

John Kemp Starley alikuwa ameondoka kwa ami yake mwishoni mwa miaka ya 1870, akaungana na William Sutton, mtu aliyependa mno baiskeli, wakafungua kampuni ya Starley & Sutton. Walianza kwa baiskeli za kawaida za wakati ule na za magurudumu matatu. Mnamo 1883 na 1884 wakaanza kutumia jina la Rover, maana yake mtu wa kuzurura, kwa baiskeli zao za matatu.

Lakini fikira za Starley zilikuwa kwingine. Yeye alijiuliza swali la namna nyingine kabisa na lile walilojiuliza wenzake. Wao waliuliza, vipi tutamweka mtu juu ya gurudumu hili bila kuanguka? Yeye aliuliza, mtu mwenyewe akae wapi? Miaka mingi baadaye, mwaka 1898, alipoalikwa kuzungumza mbele ya chama cha wataalamu jijini London juu ya maendeleo ya baiskeli, alieleza kwamba alianza na mwili wa binadamu. Alitaka kiti kiwe katika kimo kinachofaa kutoka ardhini. Alitaka pedeli ziwe mahali ambapo mguu una nguvu. Alitaka nguvu hiyo ipelekwe katika gurudumu kwa namna ambayo kasi yake inaweza kubadilishwa. Na alitaka usukani uwe mahali ambapo mikono ikiushika, mtu anaweza kusukuma kwa nguvu zake zote bila kuchoka upesi. Vyuma vingefuata baadaye.

Jibu la nusu ya kwanza lilikuwa mnyororo. Pedeli ziliwekwa katikati, chini ya mwendeshaji, na mnyororo ukapeleka nguvu gurudumu la nyuma. Gia ya mbele ikiwa kubwa kuliko ya nyuma, mzunguko mmoja wa mguu huzungusha gurudumu zaidi ya mara moja, na haja ya gurudumu kubwa huondoka. Fikira hiyo haikuwa yake peke yake. Mwingereza mwingine, Harry Lawson, alikuwa ameijaribu mwaka 1879, ila chombo chake hakikupendwa. Minyororo pia ilikuwa imeanza kuwa mizuri, hasa baada ya Hans Renold wa Manchester kuunda ule wa roli mwaka 1880.

Jibu la nusu ya pili, yaani usukani, ndilo lililomtia Starley katika taabu.

Rover ya kwanza ya magurudumu mawili, iliyotengenezwa 1884 na kuonyeshwa London mwanzoni mwa 1885, ilikuwa na gurudumu la mbele la inchi 36, kubwa kidogo kuliko la nyuma. Uma wake ulisimama karibu wima juu ya ekseli. Ikawa shida. Gurudumu ni lazima liwe mbele ili lisigongane na miguu, na uma ukisimama wima juu yake, kilele cha uma huwa mbali, mikono haifiki. Starley alifanya kama Lawson alivyofanya kabla yake: aliuweka usukani karibu na mwendeshaji katika shina lake lenyewe, kisha akaunganisha usukani na uma kwa vyuma virefu vya pembeni, kama hatamu za farasi.

Kwa mtazamaji, mambo yalikuwa sawa: ukigeuza usukani, gurudumu linageuka. Lakini baiskeli si mkokoteni. Mkokoteni husimama wenyewe, ilhali baiskeli husimama kwa sababu mwendeshaji anairekebisha kila mara, kidogo kulia, kidogo kushoto, pasipo hata kujua kwamba anafanya hivyo. Kila kiungo cha vile vyuma kilikuwa na ulegevu wake. Mkono ulisema jambo, na gurudumu likalisikia kwa kuchelewa. Na njia ilipomgonga gurudumu, mkono haukupata habari kwa wakati.

UMA WAINAMISHWA

Sasa fikiria hali ya mtu huyu. Ana miaka 29. Amekwisha kukionyesha chombo chake mbele ya watu wa London. Mji wake wote unaishi kwa gurudumu refu la ami yake, na wapo waliokitazama chombo chake kifupi wakakicheka. Mtu mwenye kiburi angekishikilia kazi yake ya kwanza, akalaumu wanunuzi. Au angerudi kwenye gurudumu refu, akawa salama kibiashara. Wahenga walisema kukosea si kosa, kosa ni kurudia kosa. Starley alikirudisha chombo karakanani, na kabla mwaka ule wa 1885 haujafika mbali alikuwa ametoa Rover nyingine.

Katika Rover ya pili vyuma vya hatamu vilikuwa vimeondolewa vyote. Starley na mafundi wake waliulaza uma. Chini, mahali pa ekseli, uma ulisogea mbele, ukaliondoa gurudumu miguuni. Juu, shingo iliinama nyuma, ikaja kukutana na mikono ya mwendeshaji. Usukani ukafungwa juu ya shingo yenyewe. Mkono, shingo, uma na ekseli vikawa kitu kimoja. Kisichokuwepo hakilegei wala hakivunjiki, na vile viungo vya pembeni vilivyoleta fitina kati ya mkono na gurudumu havikuwepo tena.

Mlalo huo wa uma ulileta faida nyingine ambayo kila mwendeshaji anaifaidi. Chukua uzi, uunyooshe kufuata shingo ya uma mpaka chini. Utaona uzi unagusa ardhi mbele kidogo ya mahali ambapo tairi lenyewe linagusa. Kwa hiyo gurudumu hufuata nyuma ya mhimili wake, kama vile kigurudumu cha kitanda cha hospitali kinavyofuata nyuma kitanda kinaposukumwa. Likipotoka, njia yenyewe hulirudisha. Hii ni moja ya sababu za baiskeli nzuri kwenda sawasawa hata mtu akiachia mkono mmoja apunge salamu. Ile ncha ya uma iliyopinda mbele kidogo ndiyo inayopima kiasi cha kufuata huko, ili usukani usiwe mzito wala usiwe mwepesi mno.

Nisimdanganye msomaji kwamba hiyo ndiyo siri yote. Mwaka 2011 wataalamu wa Uholanzi na Marekani walionyesha kwa baiskeli ya majaribio kwamba chombo kinaweza kujisimamia hata bila kufuata huko, ikiwa uzito wake umepangwa kwa namna fulani. Lakini baiskeli ya kila siku, ya kwenda sokoni na kurudi, ingali inauinamisha uma wake kwa namna ile ile.

MAILI 100

Maneno hayakutosha kuwashawishi watu. Mwezi wa Septemba 1885 yakafanywa mashindano ya maili 100, washindani wote wakipanda Rover. Mshindi, George Smith, aliumaliza mwendo huo kwa muda wa saa saba na dakika tano, akavunja rekodi ya njia hiyo. Haya yalifanywa juu ya matairi ya mpira mgumu usio na upepo, katika barabara za wakati huo. Wale waliosema kwamba gurudumu dogo haliwezi kwenda mbio walinyamaza.

Rover iliendelea kurekebishwa. Magurudumu yalikaribia kulingana, na fremu ikapata bomba la chini ya kiti, mpaka wenye viwanda wote wakakubaliana juu ya lile umbo la pembe nne, kama kipande cha kashata, tunaloliona mpaka leo. Kilichobaki ni mtikiso, kwa maana gurudumu dogo huhisi kila kokoto. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama huko Belfast, alilivika gurudumu la baiskeli ya mwanawe tairi la upepo, na shida hiyo nayo ikaondoka. Haikupita miaka mingi gurudumu refu lilitoweka barabarani. Mpanda ngazi hushuka.

Na waliopanda sasa walikuwa ni watu wengine. Karani alikwenda kazini kwa baiskeli. Mkunga alikwenda kwa mzazi usiku. Wanawake, baada ya kuundiwa fremu iliyoshuka katikati, waliweza kupanda wakiwa na nguo ndefu. Mfanyakazi alinunua kuukuu kwa bei nafuu, na maili tano kwake zikawa si kitu. Nchini Poland jina la Rover lilienea mpaka likawa ndilo neno la baiskeli yoyote. Mpolandi akitaka kusema baiskeli husema rower.

SIKU ZA MWISHO

Bwana Sutton aliondoka katika kampuni kabla ya miaka ya 1890, na biashara ikabaki kwa Starley. Hakutosheka na alichokipata. Mwaka 1888 aliunda chombo kidogo cha magurudumu matatu kilichoendeshwa kwa umeme wa betri, wakati ambapo motokaa zilikuwa ndiyo kwanza zinazaliwa. Hakikuingia sokoni, lakini chaonyesha alikuwa mtu wa kutazama mbali.

Mwaka 1896, watu wa Ulaya walipokuwa wameshikwa na wazimu wa baiskeli, kampuni ikafanywa ya hisa kwa jina la Rover Cycle Company. Ilikuwa ni hatari. Fedha nyingi ziliingia katika viwanda vya baiskeli kwa pupa, na baada ya mwaka mmoja au miwili soko likajaa, viwanda vingi vikafilisika. Rover ilisalimika.

John Kemp Starley alifariki ghafula tarehe 29 Oktoba 1901, hajatimiza miaka 46. Alikufa mapema, kama ami yake. Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, reli iliyoanzia Mombasa ilifika ziwani Kisumu, na bara yote ikafunguka kwa bidhaa za viwandani. Baiskeli ilikuwa miongoni mwa bidhaa hizo zilizopenya mahali ambapo reli yenyewe haikufika.

Yeye mwenyewe hakuiona motokaa yenye jina lake la Rover. Kampuni yake ilianza kuunda magari mwaka 1904, chini ya wengine. Mwaka 1948 ikatoa gari la mashamba na njia mbovu, likaitwa Land Rover, ambalo watu wa Kenya walilijua kwa utumishi wa serikali, kwa mbuga za wanyama na kwa misafara ya jangwani. Basi neno lile alilolichagua kwa baiskeli ya magurudumu matatu limepita kwetu juu ya magurudumu manne, na wachache waliolisoma ubavuni mwa gari walijua limetoka wapi.

KWETU PWANI

Baiskeli iliyotufikia sisi ni mtoto halali wa ile Rover. Raleigh ya Nottingham, Hero ya Bara Hindi, Phoenix ya China, na ile nyeusi nzito ambayo Wakenya waliiita Black Mamba, zote zina uma ulioinama na usukani juu ya shingo. Zimebeba madafu, mikate, samaki, makuti na mitungi ya maji. Zimempeleka mwalimu madrasa na mtoto shule. Huko Busia, mpakani na Uganda, watu waliobebwa juu ya karia ya baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka ndio walioleta neno boda boda, ambalo sasa limehamia kwa pikipiki. Na pikipiki nayo, ukiitazama mbele, utauona uma ule ule umeinama vile vile.

Wengi wa waliozipanda hawakuwa na njia nyingine. Kama baiskeli ingebaki ni ile ndefu ya mwaka 1880, isingekuwa na haja kwetu. Muuza samaki gani angeweza kubeba kapu lake juu ya gurudumu la inchi 50 mchangani? Ingebaki mchezo wa vijana matajiri wa Ulaya, kisha ikasahauliwa pamoja nao.

Kuna watu husema kwamba Starley hakubuni kitu. Mnyororo ulikuwepo, spoki zilikuwa za ami yake, gurudumu lilikuwa la Wafaransa, na tairi la upepo lililetwa na mwingine. Ni kweli. Lakini hata jahazi halina ubao mmoja ambao fundi ameuumba yeye. Mbao zote zimetoka porini. Ufundi ni kujua kila ubao ukae wapi na uungwe vipi, mpaka maji yasipite.

Na pia si kweli kwamba alimvunjia ami yake heshima. Aliyemfundisha alikuwa mtu asiyeweza kuona chombo kibovu bila kukifungua. Mwanafunzi naye alikifungua chombo cha mwalimu, kisha akakifungua hata chake mwenyewe, na hilo la pili ndilo gumu zaidi. Kujenga jiwe la kumbukumbu ni njia mojawapo ya kumheshimu mzee; kuiendeleza kazi yake mahali ilipokomea ni njia nyingine. Dini yetu inatufunza kwamba mtu akifanya kazi aifanye kwa ukamilifu, na ukamilifu haupatikani kwa mwenye kuogopa kuambiwa kwamba alikosea jana.

Basi, ndugu msomaji, ukimpelekea fundi baiskeli yako na ukamwona anatumia muda juu ya shingo ya uma, anakaza na kulegeza, anainua mbele na kuachia gurudumu lianguke upande lenyewe, usimharakishe. Anatafuta mahali pale ambapo uma haushikani wala haugongi. Pale pale ndipo John Kemp Starley alipopatafuta mwaka 1885, na kwa kupapata, alimshusha mwendeshaji kutoka juu ya gurudumu refu akampa kila mtu njia yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.